Joto la chokaa linavyomlinda mzamiaji

Wapo wazamiaji wasiotoa mapovu majini. Kifaa chao hukusanya pumzi iliyotoka, huiongezea oksijeni na kuirudisha mdomoni. Lakini kwanza hewa ya ukaa lazima iondolewe, kwani ikizidi mtu huzimia, na chini ya maji kuzimia mara nyingi ni kufa. Inanaswa na chembe za chokaa maalumu ndani ya kopo, ndugu wa ile tunayopaka ukutani.

Chokaa ikinasa hewa hiyo hupata joto, na hapo ndipo penye ujanja. Vipima joto vidogo hupangwa mstari mmoja ndani ya kopo. Mwanzoni joto huwa upande pumzi inapoingilia. Chokaa ya hapo ikichoka hupoa, na joto husogea mbele kama moto wa nyika. Mzamiaji hulifuatilia kwenye skrini. Likikaribia upande wa kutokea, ni wakati wa kupanda juu.

Ila tuelewane: vipima joto havipimi hewa ya ukaa yenyewe. Kopo likifungwa vibaya, pumzi hupenya pembeni bila kusafishwa huku skrini ikionyesha mambo ni shwari. Ndiyo maana mzamiaji akianza kuhema au kuumwa kichwa hasubiri skrini. Huhamia mara moja kwenye mtungi wa akiba.