Tairi jembamba kwenye rimu pana: kwa nini linawambwa, na hukutwa na nini kwenye shimo

Huenda umeliona kwenye msafara wa harusi au stendi ya mji wa karibu: gari la kifahari, Toyota Crown au Mark X, limeshushwa hadi karibu kugusa ardhi. Rimu zake zinang'aa na zimetokeza nje, na tairi ni jembamba kiasi kwamba ubavu wake umelala kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Vijana wanalipenda. Wasikilizaji wetu wa vijijini hukutana nalo kwa njia mbili. Wengine hulikodi kwa sherehe au kwa safari ya msiba, na wengine hulinunua mkononi mwa mtu aliyekwisha kulichoka. Ama uwe abiria, ama mnunuzi, ni vizuri kujua tairi lile limefanywaje.

Mtindo huu ulikolea Japani, hasa miaka ya 1990. Watu walichukua magari makubwa ya mabosi, kama Toyota Crown, Toyota Celsior na Nissan Cima, wakayashusha na kuyavisha rimu pana. Tairi lililovutwa wanaliita "hippari", neno linalotokana na kitenzi chao cha kuvuta. Gurudumu lililolazwa, juu limeingia ndani na chini limetoka nje kama miguu ya ndama aliyezaliwa asubuhi, wanaliita "onikyan", na hiyo "oni" maana yake ni zimwi. Magari mengi ya mitumba tunayonunua Afrika Mashariki yanatoka hukohuko, basi si ajabu mtindo nao umefika. Ila kwao gari la binafsi hukaguliwa na serikali miaka mitatu baada ya kuwa jipya, kisha kila miaka miwili, na barabara zao nyingi ni lami iliyonyooka. Sisi tuna mashimo na changarawe.

Kwa nini tairi liwambwe? Mwenye gari anataka rimu ijae hadi ukingoni mwa madigadi. Akivalisha tairi pana linalolingana na rimu hiyo, mpira utakwaruza madigadi kila gari linapotikisika. Kwa hiyo huvalisha tairi jembamba. Mabavu yake huvutwa kwa nguvu kuifikia midomo ya rimu, yanalala, na nafasi ya kupita chini ya madigadi inapatikana. Gari linaonekana pana na limekaa chini. Hiyo ndiyo siri yote, na tunakubali kwamba kwa macho linapendeza.

Sasa chukua simu yako, piga picha ya ubavu wa tairi, kisha uikuze. Utakuta maandishi kama 215/60R16 95V, saizi ambayo Crown na Mark X nyingi zilitoka nayo kiwandani. 215 ni upana wa tairi kwa milimita. 60 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani kama milimita 129 za mpira na upepo kati ya rimu na barabara. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba ambayo wengi huipita bila kuiangalia ni 95. Hiyo ni namba ya mzigo, na maana yake tairi moja limeruhusiwa kubeba kilo 690. Herufi ya mwisho ni ya kasi, na kwa safari zetu haitusumbui sana.

Linganisha na tairi la 215/40R18 lililovalishwa rimu ya inchi 9.5. Ubavu umeshuka hadi milimita 86. Namba ya mzigo inaweza kuwa 85, sawa na kilo 515, au 89 kwa tairi lililoimarishwa, sawa na kilo 580. Tairi la saizi hiyo limetengenezwa kwa rimu ya inchi 7 hadi 8.5. Inchi 9.5 ni milimita 241, na mpira wenyewe ni wa 215. Ni kama kitambaa kifupi kinachovutwa kufunika meza pana.

Mtu atasema, matairi manne ya kilo 515 yanabeba kilo 2,060, na Mark X tupu ni kama tani moja na nusu. Kwenye karatasi ni kweli, hata ukipakia watu watano na mizigo. Lakini barabara haigawi mzigo sawasawa. Gari likitumbukia shimoni au likikata kona kwa kasi, gurudumu moja hubebeshwa mzigo wa mengine.

Hapo ndipo tairi lililowambwa linapomwangusha mwenyewe. Ukingo wa ndani wa tairi, ule wenye waya wa chuma, hushikiliwa kwenye mdomo wa rimu na nguvu ya upepo. Tairi la kawaida lina ubavu uliosimama, unaoweza kukunjika na kurudi. Lililowambwa limekwisha vutwa hadi mwisho. Upepo ukipungua kidogo, kisha pigo likatoka ubavuni, ukingo huo unaweza kuteleza na kuingia ndani ya rimu. Ikitokea hivyo upepo hautoki polepole kama wa pancha ya msumari. Unatoka wote kwa mara moja. Aidha, mdomo wa rimu uko nje ya mpira, kwa hiyo jiwe au ukingo wa shimo hugonga alumini moja kwa moja, ikapinda au kupata ufa.

Kwa mnunuzi, jambo la pili la kutazama liko upande usioonekana. Gurudumu lililolazwa hula tairi upande wa ndani tu. Ukisimama nje unaona meno mazima, kumbe ndani nyuzi za chuma zimeanza kuchungulia. Ingiza simu nyuma ya gurudumu, washa tochi, piga picha. Upana wa rimu nao mara nyingi umeandikwa nyuma yake, kama 9.5J au 9 1/2J. Ukiona muuzaji anakuharakisha usipige picha hizo, piga zaidi.

Tuseme pia juu ya uvalishaji. Tairi jembamba halikai kwenye rimu pana kwa pampu ya kawaida, na baadhi ya mafundi hunyunyiza petroli au spirei ndani kisha huwasha kiberiti ili mlipuko ulisukume mpira ukae. Watu huungua hivyo, na mpira wa ndani huungua pia. Usikubali lifanyike kwa gari lako, na usisogee karibu likifanywa kwa la mwingine.

Anayetaka rimu pana bila kuwamba ana njia. Rimu ya inchi 18 yenye upana wa inchi 8 hupokea tairi la 225/45R18 bila kulivuta. Chagua lile lililoimarishwa, lenye alama XL na namba 95, mzigo uleule wa kiwandani. Kimo chake chote kinapishana na cha 215/60R16 kwa kama milimita 5 tu, kwa hiyo spidi mita haitadanganya. Ila tairi la XL huhitaji upepo zaidi kidogo kuliko ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva ili libebe mzigo huohuo, basi mwambie fundi mapema.

Halafu kuna nati. Nati za Toyota za rimu za alumini za kiwandani huwa na uso bapa na washa, lakini rimu nyingi za spoti zinataka nati zenye umbo la koni. Ukifunga za bapa kwenye tundu la koni, zitashika leo na kulegea kesho. Muulize muuzaji wa rimu nati zake ziko wapi, na baada ya kilomita 100 za kwanza simama mahali pa usalama uzikaze tena.