MAWE YA TABAKA NA WAGENI WASIOFIKA

Watu wengi wa Kisii na Nyamira husema ya kuwa utalii ni kazi ya Wamasai na ya watu wa pwani, kwa maana nchi ya Gusii haina simba wala bahari. Neno hili ni kweli nusu tu.

Wageni hufuata umbo la nchi. Maasai Mara ni nyanda za majani. Wanyama hupata malisho, na macho ya mgeni hufika mbali. Pwani ina mchanga na maji ya joto. Bali Gusii ni milima. Mji wa Kisii wenyewe u karibu meta 1,700 juu ya bahari. Mvua ni nyingi na udongo ni mwema, hivyo nchi ikajaa watu, migomba na chai, na wanyama wa porini wakakosa mahali.

Lakini utalii si wanyama peke yao. Wamo wenye kusafirisha wageni, wenye kuwalaza na kuwalisha, wenye kuwaongoza, na wenye kuwauzia vitu vya ukumbusho. Katika fungu hili la mwisho Tabaka imekuwamo kwa miaka mingi. Jiwe la sabuni lililolala chini ya mashamba yake ni laini hata hukatwa kwa kisu. Wanaume hulichimba na kulichonga. Wanawake hulisugua kwa msasa na maji hata ling'ae. Mchongo mkubwa wa Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, umewekwa katika makao ya UNESCO huko Paris.

Shida ni kwamba jiwe husafiri, lakini mgeni haji. Bakuli hununuliwa Tabaka kwa bei ndogo, likauzwa Nairobi au Mombasa kwa bei kubwa, na faida hubaki huko. Tena mwaka 2019 wageni waliofika Kenya walizidi milioni 2. Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, hawakufika 600,000. Pigo hilo liliwafikia wachongaji ambao hata mtalii hawajamwona mlangoni.

Dawa ni kumleta mgeni mwenyewe. Atokaye Mara aweza kupitia Kilgoris hadi Kisii, akaona machimbo, kisha akapanda Manga, kwenye genge refu, na kutazama mashamba ya chai ya Nyamira. Akilala usiku mmoja tu, mwenye nyumba ya wageni, dereva na muuza ndizi wote watapata.

Hata hivyo yafaa kuangalia mambo mawili. Vumbi la jiwe hudhuru mapafu, basi mchongaji na afunike pua na kulilowesha jiwe lake. Na mashimo yaliyoachwa yafukiwe, yasije yakaua watoto na ng'ombe. Chai huchumwa ikachipua tena, jiwe halichipui.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mwenyeji hataponywa na mgeni apitaye mbali.