Saratani ya Matiti: Nasaba ya Mgonjwa Yaingia Maabara Doha

Katika mtaa wa Msheireb, katikati ya Doha, limo jumba la Bin Jelmood, makumbusho yanayosimulia biashara ya watumwa katika Bahari ya Hindi. Miongoni mwa waliovushwa walikuwamo watu wa Pwani ya Afrika Mashariki na bara yake, waliofikishwa Ghuba wakazamia lulu au wakatumikishwa majumbani. Vizazi vyao leo ni raia wa Qatar. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo cha Tiba cha Weill Cornell, chenye tawi Doha, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya Waqatar. Walikuta makundi makuu matatu: la Mabedui, la wenye nasaba ya Uajemi, na la wenye nasaba ya Afrika.

Kwa daktari wa saratani ya matiti, hiyo si historia tu.

Sehemu kubwa ya ujuzi wa ugonjwa huu imetokana na wanawake wa Ulaya na Marekani, wengi wao weupe. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na heshima walizopewa walioifanya ziliwastahili. Dennis Slamon, daktari wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ni mfano mzuri wa daktari mtafiti: mtu anayetibu wagonjwa na papo hapo anatafuta maabarani kwa nini dawa zinashindwa kuwaponya. Mwaka 1987 yeye na wenzake walionyesha kwamba mwanamke ambaye uvimbe wake una nakala nyingi mno za jeni iitwayo HER2 hurudiwa na saratani mapema na hufa mapema. Hakuishia hapo, alishikilia kwamba protini ya jeni hiyo inaweza kushambuliwa kwa dawa. Herceptin iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2019 Slamon, Axel Ullrich na Michael Shepard wakatunukiwa Tuzo ya Lasker, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za tiba duniani.

Swali linaloshughulikiwa Doha linaanzia pale walipofika hao: je, uvimbe wa mwanamke wa Kiarabu au wa Kiafrika una tabia ileile? Mwaka 2021 watafiti wa hospitali ya Sidra, akiwamo daktari Davide Bedognetti, walilinganisha uvimbe wa wagonjwa wenye nasaba ya Afrika, ya Uarabuni na ya Ulaya. Aina moja kali ya uvimbe ilionekana kwa asilimia 38 ya wenye nasaba ya Afrika, dhidi ya asilimia 16.5 ya wale wa Ulaya. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine uliosoma vinasaba vya watu 6,142 nchini Qatar ulionyesha kwamba hata ndani ya nchi ndogo kama hiyo, hatari ya kurithi saratani haifanani baina ya kundi na kundi.

Wala Afrika yenyewe si moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ambao daktari wa upasuaji Lisa Newman wa Marekani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ulikuta saratani isiyo na kipokezi hata kimoja kati ya vitatu vinavyolengwa na dawa kwa asilimia 53 ya wagonjwa wa Ghana waliopimwa. Kwa Waethiopia ilikuwa asilimia 15 tu, karibu sawa na Wamarekani weupe. Takwimu za Ghana, basi, haziwezi kubebwa kama zilivyo na kutumika Mombasa au Tanga.

Vipokezi hivyo vitatu, yaani protini za seli zinazopokea ishara, ni vya homoni za estrojeni na projesteroni, pamoja na HER2. Kuvipima ni kazi ya mikono. Kinyama kinachonyofolewa kwa sindano hutiwa kwenye formalini, kisha huzamishwa katika nta na kukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, halafu hupakwa rangi. Seli zenye HER2 nyingi huonekana chini ya darubini zimezungukwa na ukingo wa kahawia uliokolea. Kinyama kikicheleweshwa kabla ya kutiwa kwenye formalini, au kikikaa humo nje ya muda unaopendekezwa, yaani saa 6 hadi 72, majibu yanaweza kupotosha, na mwanamke akanyimwa dawa ambayo ingemfaa.

Ndiyo maana heshima zisiishie kwa wagunduzi wa dawa. Anastahili pia daktari kama Miriam Mutebi, bingwa wa upasuaji wa matiti katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, aliyechaguliwa kuongoza AORTIC, jumuiya ya Afrika ya utafiti na mafunzo ya saratani. Anastahili na fundi wa maabara anayechunga saa za formalini.

Na wewe msomaji, ukiwa Doha, Dar es Salaam au Nairobi, mama, dada au shangazi akiambiwa ana saratani ya matiti, muulize daktari kabla matibabu hayajaanza: vipokezi vyote vitatu vimepimwa, na majibu yamesemaje? Omba nakala ya majibu hayo, uitunze.