Mkuyu Mkavu na Daftari la Mwanangu

Naliombwa niandike juu ya kazi za mikono zifaazo nyumbani wakati wa kiangazi, nami nalikusudia kuwaeleza habari za mizinga ya nyuki. Mizinga itangoja. Lipo jambo jingine liniumalo, nalo ni kuchora miti. Tena si miti yenye majani na matunda, bali miti iliyokufa na mashina yaliyobaki yamesimama. Najua wengine watacheka. Nami nalicheka kwanza, kisha nikakasirika, kisha nikatenda neno ambalo sasa naliungama mbele yenu.

Mwanangu wa pili ana miaka 14. Mwaka jana alianza kuchelewa kurudi kila alipotumwa kukata majani ya ng'ombe. Nikadhani amepata rafiki wabaya. Siku moja naliinua godoro lake nikakuta daftari la shule, limejaa picha za penseli. Nalifungua ukurasa wa kwanza: mti mkavu. Wa pili: kisiki. Wa tatu: mti mkavu tena, umetazamwa toka upande mwingine. Nikaendelea hata katikati ya daftari, wala sikuona ua, wala nyumba ya Mungu, wala uso wa mama yake. Naliona ni upotevu wa karatasi na wa wakati, tena naliogopa kidogo moyoni, nikijiuliza kwa nini mtoto apende vitu vilivyokufa. Siku ya soko nalilichukua daftari lile nikampa mama mmoja auzaye karanga, afungie karanga zake. Sikuona kuwa nimekosa. Naliona nimelea mtoto.

Yeye hakulia. Alipoulizwa alijibu, aliposalimiwa aliitikia, alipotumwa alikwenda na kurudi upesi. Yakapita majuma matatu hivi. Ndipo usiku mmoja mama yake akaniambia, "Baba, huyu mtoto anatutii kama mgeni." Neno lile lilinikosesha usingizi.

Jumamosi iliyofuata nalimwambia mwanangu anipeleke nikaone hiyo miti yake. Akanitazama kwanza kama nimtegaye, kisha akakubali. Tukashika njia iteremkayo kwenda mto Kiwira, kwa kuwa alisema mti wake mkubwa kuliko yote uko huko, mkuyu mkavu karibu na kivuko. Naliujua. Miaka 20 nimepita chini yake nikienda kufundisha wanafunzi wa ubatizo ng'ambo ya mto.

Tulipofika hapakuwa na mti. Mwenye shamba alikuwa ameuangusha na kuupasua kuni, na hiyo ni haki yake, maana mti ulikuwa wake na watoto wake wala chakula kilichopikwa. Palikuwa na vipande vyeupe vya mbao chini, na shimo mahali pa mizizi. Mwanangu alisimama kimya. Nikataka kumfariji, nikasema, "Ulikuwa mti mzuri, una matawi makuu matatu." Akanijibu kwa upole, "Tata, yalikuwa manne. La nne lilivunjika karibu na shina, ndipo nyuki walipokaa." Ndugu zangu, miaka 20! Nimewaambia watu mara ngapi kwamba wana macho nao hawaoni, nami sikuweza kuhesabu matawi manne. Picha ya mti ule ilikuwako katika nchi hii moja tu, nami naliitoa ifungiwe karanga. Nalikwenda sokoni kuuliza. Yule mama alikuwa amebakiwa na jalada.

Basi nalinunua madaftari mawili, moja lake na moja langu, nikamwomba anifundishe. Haya niandikayo chini ni mafundisho yake, nami nimeongeza machache niliyosoma.

Mti wangu wa kwanza ulikuwa nguzo mbili zilizosimama sambamba na vijiti juu. Akasema, "Huo ni mti wa ubaoni, Tata. Tazama huu." Ndilo somo lote, nami bado sijalimaliza. Mkono huchora kile unachodhani kipo; kazi ni kuulazimisha ufuate jicho. Na kwa kazi hiyo mti mkavu ni mwalimu kuliko mti mbichi, kwa sababu majani huficha makosa ya mchoraji. Mti usio na majani hauna nguo. Ukikosea kiungo cha tawi, kosa laonekana kama mguu uliovunjika.

Anza chini. Shina haliingii ardhini kama mti wa uzio. Hutanuka na kugawanyika katika mizizi, na kati ya mzizi na mzizi pana bonde lenye giza. Kisha nyosha mkono wako mbele ukishika penseli wima, fumba jicho moja, upime: unene wa shina waingia mara ngapi katika urefu wake? Wengi tutakuta tumechora mti mwembamba mno. Baada ya hayo tazama matawi. Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia aliyekufa mwaka 1519, aliandika katika madaftari yake kwamba ukiyakusanya matawi yote ya mti mahali palipo sawa kwa kimo, unene wake pamoja hulingana na unene wa shina lililoyazaa. Si sheria isiyovunjika, lakini itakuzuia usitoe tawi nene katika shina jembamba, kosa ambalo mimi nalilifanya mara tatu kwa siku moja.

Gome likiisha kuanguka, mistari ya mti wenyewe huonekana, nayo mara nyingi haiendi wima bali huzunguka kama kamba iliyosokotwa. Ifuate kwa penseli tokea chini kwenda juu. Palipokuwa na tawi pana jicho, na mistari hupita kando ya jicho kama maji yapitavyo kando ya jiwe mtoni. Usichore kila ufa. Fumba macho nusu, ndipo utaona sehemu kubwa za giza na za nuru. Anza na hizo.

Asiye na penseli asiseme hana kitu. Chukua vijiti vyembamba vilivyonyoka, uvimenye, uvipange katika mkebe wenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, uuweke motoni. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, utoe mkebe, uuache upoe kabisa kabla ya kuufungua, maana ukiufungua ungali na moto vijiti vitawaka na kuwa majivu. Hayo ndiyo makaa ya kuchorea, nayo yafaa sana kwa mti mkavu.

Kwa habari ya rangi, mwanangu alinicheka nilipochovya brashi katika rangi nyeusi. Mti mkavu si mweusi. Huku kwetu, ambako mvua yapita milimita 2,000 kwa mwaka, upande upigwao na mvua huwa wa giza na wenye ukungu wa kijani. Upande wa pili ni wa kijivu chenye kuelekea samawati, na juani huonekana karibu mweupe. Kijivu hicho hupatikana kwa kuchanganya samawati na rangi ya kahawia na maji mengi. Huku juu kuelekea mlima Rungwe, matawi makavu huvaa zile nyuzi zining'iniazo kama ndevu za wazee. Hizo ziache mwisho, uziguse kidogo tu. Nenda asubuhi. Mchana mawingu hushuka mlimani, na kivuli ulichokuwa ukikichora hupotea.

Mzee mmoja wa kanisa alipotuona tumekaa shambani na madaftari alinihoji kama hatuvunji amri ya sanamu. Swali lake si la upuzi, nami nalimjibu kwa heshima. Amri yakataza kujifanyia kitu cha kukisujudia. Lakini katika kitabu cha Kutoka Bezaleli alijazwa roho ya Mungu ili awe na ustadi wa kazi za namna hiyo, na katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 6, kuta za hekalu la Sulemani zilichorwa mitende na maua yaliyofunuka. Mzee akasema, "Mitende, ndiyo, lakini si mitende iliyokufa." Hapo nalimkumbusha kisiki alichokitaja Isaya katika sura ya 11, ambacho chipukizi litatoka kwake. Akakaa chini akatazama daftari la kijana kwa muda mrefu, mwisho akasema tawi moja limekosewa. Naye alisema kweli.

Kwa ninyi ndugu Wamoraviani nataka kuongeza neno. Wamisionari wenu walipojenga Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa ambalo mmoja wa maaskofu wake wa kale alikuwa Jan Amos Comenius. Mwaka 1658 huyu alitoa kitabu cha kufundishia watoto, kila somo na picha yake, kwa kuwa aliamini ya kwamba kitu hakiingii akilini kisipopita kwanza katika macho na masikio na mikono. Kitabu hicho kilitumika katika shule za Ulaya kwa miaka mingi sana. Basi mtoto wa kanisa hili akichora asiambiwe ameleta mambo mageni.

Tena yuko Vincent van Gogh, mtu wa Uholanzi. Wengi wamesikia jina lake kwa sababu picha zake huuzwa kwa mali nyingi, ingawa yeye aliishi akisaidiwa na ndugu yake. Wachache wajua kwamba mwaka 1879 alikuwa mwinjilisti katika nchi ya Ubelgiji, kati ya wachimba makaa ya mawe wa Borinage. Kazi hiyo haikudumu, akashika uchoraji. Mwaka 1882, akikaa mji wa The Hague, aliona mti mmoja uliokufa umeinama juu ya dimbwi, akamwandikia ndugu yake habari zake, kisha akauchora kwa rangi za maji. Picha hiyo imo leo katika nyumba ya makumbusho yenye jina lake, mjini Amsterdam. Na picha aliyoifanya mwisho, mwezi wa Julai 1890, siku chache kabla ya kufa, ilikuwa ya mizizi ya miti katika ukingo wa njia. Nimeitazama katika kitabu, nami sikuielewa mara ya kwanza. Mwanangu aliielewa mara moja. Alionyesha kwa kidole mahali udongo ulipobomoka.

Katika kukaa kimya mbele ya mti mkavu nimejifunza pia kwamba haujaisha kazi. Kigong'ota hutoboa shina lililolainika, na akihama ndege wengine huingia. Hondohondo hutafuta tundu la namna hiyo, na jike huzibwa ndani hata ubaki ufa mwembamba ambao dume humlishia. Nyuki hukaa humo, na mchwa na uyoga huurudisha mti katika udongo. Siwaambii msikate kuni. Nami nyumbani kwangu twapika kwa kuni. Lakini mwenye miti mikavu mitatu shambani aweza kuacha mmoja, ikiwa hauiangalii nyumba wala njia. Nasema hivyo kwa sababu matawi makavu huanguka bila kuonya. Kaa mbali na mti urefu wake mzima, na siku ya upepo usiende.

Yapo mambo mawili ya adabu. Msitu wa mlima Rungwe ni hifadhi, nao unalindwa. Humo yumo kipunji, nyani yule ambaye wataalamu walimtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005. Atakaye kuingia na aombe ruhusa kwa Wakala wa Huduma za Misitu, wala asitoe humo hata kijiti. Na yapo makuyuni na vichaka vya wazee wetu wa kale, kama Lubaga pa Lwembe. Sisi hatuabudu huko, lakini makaburi ya watu ni makaburi; mtoto asipelekwe na daftari mahali kama hapo kabla wenyewe hawajaulizwa.

Mwanangu alijaribu kuuchora tena mkuyu wa kivukoni kwa kukumbuka. Alifanya mara mbili, akapasua mara mbili. Alisema alilijua shina, lakini mkono wake ulikuwa ukimpa mti wa ubaoni. Sikumsukuma.

Sasa tuna mparachichi mkavu katika shamba la jirani yetu, shina lake limepasuka toka juu hata kiunoni, na ndani yake mweupe. Jirani alitaka kuuangusha juma lililopita. Nalikwenda kwake nikamwomba, nikaeleza sababu, akacheka sana, kisha akasema atauacha hata mahindi yavunwe. Kwa hesabu yetu hayo ni majuma 6. Kijana amekwisha kufanya picha 4, mimi moja, na katika yangu matawi yote yamo, nimeyahesabu.