Leonard Mambo Mbotela: Mtoto wa Freretown aliyelifunza taifa ungwana

ALFAJIRI ya Jumapili, Agosti 1, 1982, baadhi ya askari wa Jeshi la Anga la Kenya walikuwa wamekwishaiteka redio ya taifa jijini Nairobi. Mitambo ilikuwa mikononi mwao na bunduki walikuwa nazo. Hata hivyo, walipungukiwa na kitu kimoja ambacho hakipatikani katika ghala la silaha, nacho ni sauti ambayo wananchi wangeiamini.

Kwa sababu hiyo walikwenda hadi mtaa wa Ngara, wakamtoa nyumbani kwake mtangazaji Leonard Mambo Mbotela na kumpeleka studio. Huko akalazimishwa kuutangazia umma kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi imepinduliwa na kwamba nchi iko chini ya jeshi. Kabla siku hiyo haijaisha, askari watiifu kwa serikali waliikomboa redio, na mtangazaji yuleyule akatakiwa kuwaambia wananchi kwamba Rais Moi angali madarakani.

Katika siku moja, mdomo mmoja ukatangaza kuanguka kwa serikali na kurejea kwake. Mbotela, aliyefariki dunia Februari 7, 2025 akiwa na umri wa miaka 84, aliulizwa juu ya siku hiyo mara nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake. Lakini swali la msingi ni hili: kwa nini waasi walimtafuta yeye? Jibu lake halipatikani katika historia ya mapinduzi. Limo katika kipindi kidogo cha redio kilichoanza miaka 16 kabla ya siku hiyo, na katika historia ya kijiji alikozaliwa.

Mbotela alizaliwa Mei 29, 1940 huko Mombasa, katika jamii ya Freretown. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kanisa la Anglikana ili kuwapokea watu waliokombolewa kutoka utumwani. Yalipewa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa ya baharini. Mwaka huohuo soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa, na manowari za Uingereza zikazidisha doria. Waliokamatwa ndani ya majahazi na kuachiwa huru hawakuwa na njia ya kurudi makwao, kwani wengi walikuwa wametekwa mbali mno barani. Baadhi yao ndio waliopelekwa Freretown.

Miongoni mwao walikuwamo wahenga wa Mbotela, Wayao kutoka nchi ambayo leo ni Malawi. Walikuwa wameingizwa katika biashara hiyo, wakaokolewa njiani na kupelekwa Mombasa. Mpaka leo eneo hilo la Kisauni lina mahali panapoitwa Kengeleni, pakikumbusha kengele iliyokuwa ikipigwa kuwatahadharisha wakazi wakati wa hatari. Kwa watu wale, kulala bila wasiwasi lilikuwa jambo la kulindwa kila usiku, kwa maana waliokuwa wakidai kuwamiliki hawakuwa mbali.

Jamii hiyo iliwekeza sana katika elimu. Kutoka kwake walitoka walimu, makarani, wahubiri na wanasiasa. Jina la Mbotela lenyewe lilijulikana kabla Leonard hajashika kipaza sauti. Mwaka 1934 kilichapishwa kitabu cha James Mbotela kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kinachosimulia kutekwa na kukombolewa kwa watu wa Freretown, ambacho kilisomwa shuleni kwa miaka mingi na kuzusha mjadala kuhusu namna kilivyowasawiri Waarabu na Waingereza. Naye Tom Mbotela alikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha Kenya African Union hadi alipouawa mwaka 1952. Mtaa wa Mbotela jijini Nairobi una jina lake.

Leonard alianza kazi ya habari katika magazeti mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1964 akajiunga na Sauti ya Kenya, redio ya taifa iliyokuwa imetoka tu kuwekwa chini ya serikali ya nchi huru. Miaka miwili baadaye, mwaka 1966, alianzisha kipindi kilicholitangulia jina lake kila alikokwenda: Je, Huu ni Ungwana?

Muundo wa kipindi ulikuwa mwepesi. Mtangazaji alichukua jambo dogo la maisha ya kila siku, tabia ambayo kila msikilizaji ameiona au ameitenda, kama vile kukopa kitu cha jirani bila kukirudisha, kuwasumbua wengine ndani ya basi au kwenda ugenini bila kujali saa. Akalisimulia kwa upole na kwa kichekesho, kisha akamalizia kwa swali. Hakumtaja mtu wala hakutoa adhabu. Swali liliachwa hewani, na aliyehusika akajijibu mwenyewe. Baadaye kipindi kilionekana pia katika televisheni ya taifa, na kwa jumla kiliendelea kwa zaidi ya nusu karne. Nchini Kenya maneno hayo manne yaligeuka kuwa msemo. Mtu akikanyagwa mguu katika foleni, haraka humwuliza aliyemkanyaga, je, huu ni ungwana?

Ili kuuelewa uzito wa swali hilo hatuna budi kulitazama neno lenyewe. Katika kamusi mara nyingi huandikwa uungwana, na siku hizi maana yake ni adabu, upole na mwenendo mwema. Hiyo ni maana iliyokuja baadaye. Katika miji ya kale ya pwani, tangu Lamu hadi Mombasa na Zanzibar, mwungwana alikuwa mtu huru, mzaliwa wa mji, mwenye nasaba inayojulikana. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Tabia njema, usemi fasaha na mavazi ya heshima vilihesabiwa kuwa mali ya waungwana, na mtumwa alidhaniwa kuwa hana uwezo navyo. Kwa maneno mengine, adabu ilichukuliwa kuwa jambo la damu.

Hapo ndipo ilipo maana kubwa ya kazi ya Mbotela, ingawa hakuihubiri. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka 33 tu kabla ya yeye kuzaliwa. Mtu ambaye wahenga wake wangenyimwa jina la uungwana katika mji wa Mombasa ndiye aliyekaa studio na kuliuliza taifa zima, wakiwamo mawaziri, matajiri na wenye nasaba zao, kama matendo yao yanastahili jina hilo. Katika kipindi chake uungwana haukuulizwa kwa kutazama baba wa mtu. Uliulizwa kwa kutazama alivyopanda basi na alivyomjibu jirani yake. Neno lililowahi kuwatenga watu likawa kipimo ambacho kila raia angeweza kukifikia au kukikosa.

Wasikilizaji wa sauti hiyo hawakuwa Wakenya peke yao. Mawimbi ya masafa ya kati, hasa nyakati za usiku, husafiri mbali na hayana habari na mipaka. Huku Tanzania, mtu anayesimama Ugweno, katika miteremko ya Upare Kaskazini inayotazama Ziwa Jipe, huiona nchi ya Kenya ng'ambo ya maji, na kutoka huko Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam. Lugha ya redio zote mbili ilikuwa moja. Historia nayo ni ya pamoja. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita katika bonde la Pangani, kando ya milima hiyo, na utawala wa kale wa Ugweno ulidhoofika na kugawanyika katika enzi hizohizo. Swali la nani mwungwana na nani si mwungwana lilifika hadi milimani.

Mbali na kipindi chake, Mbotela alikuwa mtangazaji wa mpira wa miguu. Katika enzi ambayo televisheni ilikuwa ya wachache, mtangazaji wa mpira alikuwa macho ya nchi. Alipaswa kumwonyesha msikilizaji mpira uko upande gani wa uwanja, nani anao na nani anamkabili, yote kwa kasi ya mchezo wenyewe. Akikosea, hakuna picha ya kumsahihisha. Kwa hiyo msikilizaji hakuwa na la kufanya ila kumwamini. Aliyemwamini Jumamosi juu ya bao la Gor Mahia au AFC Leopards alijenga mazoea ya kumwamini hata katika taarifa ya habari.

Imani ya namna hiyo ndiyo waliyoifuata waasi mwaka 1982. Wakati huo Sauti ya Kenya ilikuwa redio pekee nchini, na wananchi walizitambua sauti za watangazaji wake kama wanavyozitambua za ndugu zao. Kiongozi wa uasi, Hezekiah Ochuka, alikuwa askari wa cheo cha chini ambaye sauti yake haikujulikana na mtu. Tangazo lake lingeweza kudhaniwa kuwa mzaha. Likitoka kwa Mbotela, kila nyumba ingejua kwamba jambo limetokea.

Tukio hilo liligharimu maisha ya watu zaidi ya 100. Ochuka alikimbilia Tanzania, baadaye akarejeshwa Kenya, akahukumiwa kifo na kunyongwa mwaka 1987. Jeshi la Anga lenyewe lilivunjwa na kuundwa upya. Mbotela hakushtakiwa. Ilieleweka kwamba alisoma maneno ya wengine chini ya mtutu wa bunduki, na aliendelea na kazi katika redio ya taifa, ambayo mwaka 1989 ilibadilishwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC.

Hata hivyo, siku ile inabaki kuwa funzo kwa kila mwenye kipaza sauti. Mtangazaji hujenga jina lake kwa miaka mingi, neno kwa neno, lakini jina hilo linaweza kutekwa kwa saa moja na kutumiwa kusema asiloliamini. Wenye nguvu huitamani sauti inayoaminika kuliko wanavyotamani mitambo, na wanaoitamani hawatoki upande mmoja tu. Asubuhi ile waasi waliihitaji sauti ya Mbotela. Baadaye siku hiyohiyo, serikali nayo iliihitaji.

Mazingira yaliyomlea mtangazaji wa aina hiyo yamebadilika. Tangu miaka ya 1990 vituo binafsi vilianza kufunguliwa. Kenya ilipata televisheni ya KTN mwaka 1990, na Tanzania ikapata ITV na Radio One mwaka 1994. Msikilizaji akapata uhuru wa kuchagua, jambo jema, na mtangazaji mmoja hakuweza tena kuwa sauti ya nchi nzima. Leo hali imekwenda mbali zaidi. Programu za kompyuta zinaweza kuiga sauti ya mtu hata ndugu zake wasiitofautishe. Askari wa mwaka 1982 walilazimika kwenda Ngara usiku kumchukua mwenye sauti. Mwovu wa leo hahitaji kumgongea mtu mlango.

Mwaka 2025 uliwaondoa wakongwe zaidi ya mmoja. Miezi mitatu baada ya Mbotela, Mei 11, alifariki dunia Charles Hilary, aliyepata kutangaza Redio Tanzania Dar es Salaam, Radio One, Deutsche Welle, BBC na Azam, na ambaye hadi mauti yanamkuta alikuwa msemaji wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Wote wawili walitokana na shule moja ya utangazaji, inayotaka lugha iwe safi, habari ihakikishwe, na msikilizaji aheshimiwe hata kama haonekani.

Kipindi cha Mbotela hakikuwahi kudai kubadilisha sheria wala serikali. Kilishughulika na mambo ambayo sheria huyaacha, kwa sababu hakuna polisi wa kumkamata mtu aliyemkatiza mzee maneno. Lakini jamii hukaa pamoja kwa mambo hayohayo, na mtu aliyetoka katika kizazi kilichonunuliwa na kuuzwa alikuwa na haki ya kulijua hilo kuliko wengi. Sauti yake imenyamaza. Swali lake lingali linaulizwa ndani ya daladala na matatu, kwenye foleni na katika mabaraza, na kila anayeulizwa hana budi kujijibu mwenyewe.