Kiboko wa jiwe anauzika, lakini faida inabaki kwa nani?

MKAZI wa Chamazi mwenye uwanja, mikono yenye nguvu na tupa mbili tatu anaweza kudhani kwamba biashara ya kuchonga wanyama kwa jiwe la sabuni inamngoja yeye. Jiwe lenyewe ni laini, zana hazihitaji mtaji mkubwa, na sanamu za tembo, simba na viboko hazikosekani katika maduka ya vinyago, kuanzia Mwenge hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar. Hata hivyo, kabla hajaagiza mzigo wa kwanza inafaa apige kwanza hesabu ya kilo. Hesabu ya shilingi itafuata.

Sanamu nyingi za jiwe zinazouzwa Dar es Salaam hazikuchongwa hapa. Zinatoka Tabaka, karibu na mji wa Kisii, kusini magharibi mwa Kenya, ndiyo maana wachuuzi huziita kwa kifupi "mawe ya Kisii". Huko jiwe linachimbwa kwa mkono, kwa sululu, mitarimbo na nyundo, katika mashimo yaliyo ndani ya mashamba ya watu. Liko jeupe, la rangi ya maziwa, la waridi, la kijivu na jekundu lililoiva. Wakati wa masika kuta za mashimo hulainika na huweza kuporomoka, hivyo uchimbaji hupungua na jiwe zuri huadimika. Mnunuzi asiyejua kalenda ya mvua za Kisii huanza kulaumu wafanyabiashara wa kati kwa kila bei inayopanda.

Hapa Tanzania mfano wa karibu ni jiwe jepesi la Sinya, kandokando ya Ziwa Amboseli, ambalo kiwanda kimoja cha Arusha kiliwahi kulitumia kutengenezea viko vya kuvutia tumbaku vilivyouzwa hadi Ulaya. Hilo lakini ni jiwe jingine, na soko la viko si la kumshauri mtu aliingie leo.

Kazi ya mikono minne

Jiwe la sabuni lina madini ya talki kwa wingi, yale yale yanayosagwa kuwa poda ya kujipaka. Katika kipimo cha ugumu wa madini chenye ngazi 10, talki iko ngazi ya 1. Kwa sababu hiyo fundi huanza na panga. Hukata bonge, hutoa umbo la jumla, kisha huingia kwa kisu, patasi ndogo na tupa mpaka mnyama atokee. Jiwe huloweshwa maji mara kwa mara ili likatike vizuri na vumbi lisiruke.

Hilo la vumbi si dogo. Baadhi ya mawe ya aina hii huchanganyika na madini mengine yenye nyuzi au chembe zinazodhuru mapafu, na mtu anayechonga jiwe kavu chumbani, au kwa mashine ya umeme bila maji na bila kitambaa puani, anajitafutia maradhi. Fundi mwenye ndoo ya maji pembeni si mchafu, anajua kazi.

Baada ya mchongaji huja mtu wa msasa. Tabaka kazi hii kwa kiasi kikubwa hufanywa na wanawake, ndani ya beseni la maji, kuanzia msasa mkali hadi ule laini kabisa. Kisha sanamu hukaushwa, hutiwa rangi kama inatakiwa, huchorwa kwa ncha ya kisu ili weupe wa ndani utoke, na mwisho husuguliwa kwa nta. Mchimbaji, mchongaji, msugua msasa na mpaka rangi kila mmoja anadai chake, na bado mwenye duka hajatajwa. Ndiyo maana bei ya dukani huonekana kubwa huku kila aliyeishika sanamu akilalamika.

Mnyama mwenyewe naye anaamua bei. Jiwe halina nyuzi kama mti, hivyo kila palipo pembamba ndipo patakapovunjika. Kiboko ni rafiki wa fundi kwa kuwa ni mviringo mtupu. Tembo hupona ikiwa mkonga umegandishwa kwenye mguu na masikio yamelazwa kichwani. Twiga ni hasara inayosubiri safari: shingo ikipita barabara ya vumbi bila kufungwa vizuri, sanduku hufunguliwa na vichwa viko upande wake. Mwenye busara humwachia twiga mchongaji wa mti.

Uzito ndio mshindani

Katika maduka ya Dar es Salaam jiwe linashindana na mpingo, na hapa ndipo kilo zinapoingia. Mpingo ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, lakini jiwe la sabuni lina uzito zaidi ya mara mbili yake. Tembo wa ukubwa uleule akiwa na gramu 400 katika mpingo, katika jiwe atapita gramu 850. Mtalii anayeruhusiwa kilo 23 katika ndege hulijua hilo mara tu anapoliinua sanduku lake. Matokeo yake sanamu ndogo za jiwe, zile za kutoshea kiganjani, ndizo zinazotoka haraka, na kubwa hukaa dukani zikingoja mwenye hoteli au mwenye bustani.

Upande wa pili, mpingo una matatizo yake. Mti huo huchukua miaka ipatayo 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa, unagombewa na watengenezaji wa zumari za kizungu, na uvunaji wake unahitaji vibali. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu mwaka 2009, jambo zuri kwa vijiji hivyo, ingawa mchongaji wa mjini anayenunua kipande kwa kipande bado anategemea kinachofika mkononi mwake. Jiwe halina mzozo wa misitu.

Mfano wa hesabu

Turudi Chamazi. Eneo hili la Temeke, linalofikiwa kwa kupita Mbagala Rangi Tatu, lilikuwa mashamba kabla mji haujalifikia, na baadhi ya wakazi wake walihamia baada ya kuondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari. Viwanja bado vina nafasi ya kuweka karakana, jambo ambalo mtu wa Kariakoo hawezi hata kuliota.

Chukua basi fundi wa Chamazi anayeagiza kilo 50 za jiwe ghafi. Tarakimu za shilingi hapa ni za mfano tu. Kila mmoja aweke bei zake. Jiwe limemfikia kwa Sh 60,000 pamoja na usafiri. Nusu ya jiwe huishia kuwa vipande na unga, hivyo anapata viboko 60 vya gramu 400. Wanne wanapasuka. Waliobaki 56 anawauza kwa Sh 3,500 kila mmoja, jumla Sh 196,000. Akitoa jiwe, msasa na nta Sh 24,000, na nauli na vifungashio Sh 16,000, anabakiwa na Sh 96,000. Kama kuchonga kumechukua siku 8, msasa siku 2 na kupeleka mzigo siku 1, kila siku imemlipa Sh 8,700 hivi, na hapo mke au mtoto aliyesugua msasa hajalipwa kitu.

Sasa tazama ile nusu iliyotupwa. Kilo 25 za takataka zimelipiwa usafiri kutoka Kisii kupitia Sirari, safari inayozidi kilomita 1,000, ili zije kufagiliwa uwanjani Chamazi. Mchongaji wa Tabaka yeye huziacha pale pale shimoni na kusafirisha kiboko aliyekamilika. Kwa sanamu za kawaida, fundi wa Dar es Salaam hawezi kumshinda kwa bei hata akikesha.

Inaonekana nafasi ya Chamazi iko katika kumalizia. Sanamu zilizochongwa bila kusuguliwa ni nyepesi kuliko jiwe ghafi, na kazi iliyobaki, yaani msasa, rangi, kuchora jina la hoteli au tarehe ya harusi, inahitaji kuwa karibu na mnunuzi. Mteja anayetaka viboko 40 vyenye jina la mgahawa wake kwa wiki ijayo hawezi kungoja Kisii. Huyo hulipa zaidi, na hulipa kwa wakati.

Kuhusu mpaka, utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huwawezesha wafanyabiashara wadogo kupitisha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kwa cheti cha uasilia kinachotolewa palepale mpakani, iwapo bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa. Kodi nyingine za ndani na ada hubaki. Anayepita njia za panya ili kukwepa fomu mara nyingi huishia kulipa kwa njia nyingine.

Taslimu na mali kauli

Donda la biashara hii ni malipo. Duka linaponunua taslimu humkandamiza fundi bei. Linapochukua kwa mali kauli humpa bei nzuri ya maneno na kumwambia apite mwisho wa mwezi. Kwa fundi wa mfano wetu, Sh 60,000 za jiwe zimelala rafuni kwa mtu mwingine, na hawezi kuagiza mzigo wa pili.

Mwaka 2020 ulionyesha hatari hiyo waziwazi. Watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi 620,000 hivi kutokana na ugonjwa wa korona. Aliyekuwa amekopesha mzigo wake alikuwa hana wa kumdai, maana mwenye duka naye hakuwa ameuza. Idadi ilipanda tena na mwaka 2023 ilipita milioni 1.8.

Wanunuzi wa nje wanaofuata kanuni za biashara ya haki hufanya kinyume: kwa kazi za mikono, mzalishaji akiomba, hutanguliza angalau asilimia 50 ya thamani bila riba. Vikundi vya Tabaka vimeuza kwa mfumo huo kwa miaka mingi. Masharti yake ni magumu, kwa kuwa viboko 500 lazima wafanane na wafike kwa tarehe, na fundi mmoja mmoja hawezi. Mafundi 10 wenye stoo moja wanaweza kujaribu.

Kwa anayenunua mzigo wa kumalizia, asichukue uliokwisha kupakwa rangi nyeusi, kwa sababu rangi huficha nyufa. Achukue mweupe, autumbukize majini, auanike kivulini na kungoja. Sehemu nzima hukauka haraka. Ufa hubaki mstari mweusi wenye unyevu. Hizo zitengwe na zirudishwe kabla fedha haijahesabiwa.