Lita Moja, Kilomita Ngapi? Jinsi Mwendesha Bodaboda Anavyoweza Kupunguza Gharama ya Petroli

(MUZIKI WA KIPINDI. UNASHUKA TARATIBU.)

MTANGAZAJI: Karibu katika kipindi chetu, popote unapotusikiliza: Kakuma na Kalobeyei, Nakivale, Kyangwali, Dzaleka na kwingineko. Kwa wale mnaosoma maandishi haya katika vikundi vya wasikilizaji, karibuni pia.

Leo tunazungumza na waendesha bodaboda. Wapo miongoni mwenu mliokuwa mkiitwa motari kule mlikotoka, na petroli mkiiita esansi. Jina lolote unalotumia, kazi ni ile ile. Na wewe usiye na pikipiki usiondoke redioni, kwa sababu ukiwa abiria una sehemu yako katika mazungumzo haya.

Jioni unaporudi nyumbani, pesa zilizo mfukoni nyingi zina wenyewe. Kuna hesabu ya mwenye pikipiki, kuna petroli, kuna fundi. Kinachobaki ndicho cha unga, sabuni na daftari za watoto. Siku hizi mgao wa chakula umepungua katika kambi nyingi, na familia nyingi zinategemea hicho kinachobaki. Bei ya petroli huwezi kuipanga wewe. Nauli ukiipandisha, abiria atatembea kwa miguu. Lakini idadi ya lita unazochoma kwa siku, hiyo iko mikononi mwako zaidi kuliko unavyofikiri.

Petroli inapotelea wapi?

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalioni. Ukikaza mkono wa mafuta, petroli inachomwa na kuipa pikipiki mwendo. Ukikanyaga breki, mwendo ule unageuka joto. Ndiyo maana breki huwa ya moto baada ya safari yenye vituo vingi. Joto lile ni petroli uliyoinunua, na hairudi tena kwenye tangi.

Kuna jambo la pili. Ukiongeza mwendo kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, mwendo umekuwa mara mbili, lakini nguvu iliyohitajika kukufikisha hapo ni mara nne. Kwa hiyo mtu anayekimbia kwa kasi kubwa halafu akafunga breki ghafla mbele ya kisima cha maji, anatupa petroli nyingi kuliko yule aliyekwenda taratibu.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: tazama mbali. Ukiona mbele kuna mbuzi, watoto, shimo au watu waliojaa kituo cha mgao, achia mafuta mapema. Acha pikipiki ipungue mwendo yenyewe, kisha malizia kwa breki kidogo. Breki ni ya usalama wako, itumie kila inapohitajika. Tunachosema ni kwamba anayetazama mbali huihitaji mara chache.

Haraka inakupa nini?

Utasema, "Mimi nakimbia ili nipate abiria wengi." Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua safari ya kilomita 3. Ukienda kilomita 60 kwa saa, utafika kwa dakika 3. Ukienda kilomita 40 kwa saa, utafika kwa dakika 4 na nusu. Tofauti ni dakika moja na nusu. Ukifika kituoni, mara nyingi utakaa kwenye foleni dakika kumi ukisubiri abiria mwingine. Ile dakika uliyoinunua kwa petroli umeipoteza ukiwa umekaa.

Abiria, hapa ndipo unapoingia. Usimharakishe mwendeshaji bila sababu. Na msipande mishikaki, watu watatu au wanne juu ya pikipiki moja. Mzigo ukizidi, injini inakunywa zaidi, matairi yanaisha, na mkianguka mnaumia wote.

Gia, klachi na kusubiri

Ondoka taratibu, kisha panda gia mapema injini inapokubali. Injini inayolia kwa nguvu katika gia ya pili inakula petroli bure. Lakini usiilazimishe pia: ukiwa kwenye gia ya juu na pikipiki inatetemeka na kugonga, rudisha gia moja chini. Kwenye mchanga wa laga au matope ya masika, gia ya chini ndiyo sahihi.

Usiendeshe ukiwa umeshika klachi nusu. Injini inazunguka, nguvu haifiki kwenye gurudumu, na klachi inaungua. Hapo umepata gharama mbili kwa mkono mmoja.

Ukisubiri abiria kwa zaidi ya dakika moja hivi, zima injini. Pikipiki iliyosimama ikiunguruma inakwenda kilomita sifuri kwa lita. Na kama unatumia choki asubuhi, ifungue injini ikishapata moto. Choki iliyosahauliwa hunywesha injini petroli kupita kiasi.

Onyo kuhusu mteremko

Wapo wanaozima injini au kuweka gia huru kwenye mteremko ili kuokoa petroli. Tafadhali usifanye hivyo. Pikipiki ikiwa ndani ya gia na mkono umeachia mafuta, injini inatumia petroli kidogo sana, na wakati huo huo inaizuia pikipiki isikimbie. Ukizima au ukitoa gia, mzigo wote unabaki kwa breki. Breki zikipata moto sana hupoteza nguvu, na ukiwa na abiria na gunia nyuma hutaweza kusimama. Petroli utakayookoa hapo haifikii gharama ya hospitali.

Pikipiki yenyewe

Pikipiki mbovu inakula hata kama mwendeshaji ni hodari. Kagua mambo haya:

Upepo wa matairi. Tairi laini ni kama kusukuma mkokoteni kwenye mchanga. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki au kitabu chake, na tairi la nyuma huhitaji zaidi ya la mbele. Pima kwa geji asubuhi, matairi yakiwa baridi. Kama ulipunguza upepo ili kuvuka mchanga, ujaze tena ukifika barabara ngumu.

Chujio la hewa. Vumbi likiziba, injini inakosa hewa na petroli haichomeki vizuri. Sehemu zenye vumbi jingi, likague kila wiki. Chujio la sponji huoshwa, hukaushwa na kupakwa oili kidogo. La karatasi halioshwi: hukung'utwa, na likichakaa hubadilishwa.

Plagi. Mwombe fundi akuonyeshe ncha yake. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, huenda petroli inaingia nyingi mno, na kabureta inahitaji kurekebishwa.

Cheni na breki. Pikipiki nyingi za kazi hutaka cheni icheze kama sentimita 2 hadi 3 katikati, nayo iwe na mafuta. Kisha simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, weka gia huru na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Lisipozunguka kwa urahisi, breki inashika wakati wote na unaendesha ukivuta mzigo usiouona.

Oili. Ibadilishe kwa wakati. Oili iliyochoka huifanya injini kuwa nzito na kuiharibu mapema.

Petroli ya chupa

Wengi hununua petroli ya chupa kando ya njia. Tazama ukubwa wa chupa kabla ya bei. Kwa mfano, chupa ya nusu lita ikiuzwa shilingi 100, lita moja ni shilingi 200. Chupa ya mililita 300 ikiuzwa shilingi 70, inaonekana rahisi, lakini lita moja inakuwa zaidi ya shilingi 230.

Inua chupa juu kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini na utaona mstari. Na kama pikipiki imeanza kutoa moshi na kugoma kuwaka baada ya kununua mahali fulani, huenda petroli ilichanganywa na mafuta ya taa. Badilisha muuzaji. Usiweke petroli ndani ya nyumba au hema. Mvuke wake huenea chini chini mpaka kwenye jiko, na moto wa nyumba moja kambini hauishii kwenye nyumba moja.

Pima mwenyewe

Usituamini kwa maneno tu. Simamisha pikipiki wima, jaza tangi hadi alama unayoikumbuka, andika kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi. Fanya kazi siku mbili. Jaza tena hadi alama ile ile ukihesabu lita. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizojaza. Kama mita ya kilomita imekufa, hesabu safari za kituo hadi soko ambazo lita moja inatosha.

Tuseme unakwenda kilomita 60 kwa siku. Kama lita moja inakupeleka kilomita 30, unatumia lita 2. Ukirekebisha pikipiki na mkono wako mpaka lita moja ikupeleke kilomita 40, utatumia lita moja na nusu. Umeokoa nusu lita kwa siku. Kwa siku 6 za kazi ni lita 3, na kwa wiki 4 ni lita 12. Zidisha hizo 12 kwa bei ya petroli hapo ulipo, kisha umwonyeshe mwenzako nyumbani jibu lake.

Wiki hii anza na mambo mawili tu: upepo wa matairi, na kuachia mafuta mapema kabla ya kila kituo. Wiki ijayo pima tena.

(MUZIKI UNAPANDA KIDOGO, UNASHUKA.)

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika njia zetu, ni wapi tunafunga breki mara nyingi, na tunaweza kuachia mafuta kuanzia wapi?
2. Je, kituo chetu kinaweza kuchanga kununua geji moja ya upepo ya kutumia wote?
3. Abiria wanaweza kusaidia vipi ili safari iwe salama na isiwe ghali?

Endesha salama, vaa helmeti, na ufike nyumbani ukiwa na kitu mfukoni. Kwaheri mpaka kipindi kijacho.

(MUZIKI WA KUFUNGA.)